Moshi wa moto wa msitu umetanda mtaani: fedha kidogo tuzitumie wapi kwanza?

Swali: Moto unawaka kwenye msitu ulio jirani na makazi yetu, na moshi umetanda kwa siku kadhaa sasa. Sisi wa kamati ya afya tumewaambia watu wafunge madirisha na wakae ndani, lakini nyumba nyingi zina mianya, moshi unaingia tu. Wengine wanajifunga vitambaa vibichi puani. Mfuko wetu una fedha kidogo. Tununue barakoa za watu wote, mashine za kusafisha hewa, au nini? Na shule tuifunge?

Jibu: Ndugu msomaji, fedha ziende kwanza kwenye ukumbi mmoja wenye hewa iliyochujwa, pamoja na orodha ya watu watakaouhitaji zaidi. Zikibaki, nunueni barakoa za N95 au FFP2 kwa wale ambao kazi zao haziwaruhusu kukaa ndani. Barakoa za watu wote zije mwisho, na kama fedha hazitoshi zisije kabisa. Shule ni suala la kupima kwanza, tutalifikia.

Masizi mnayoyaona yakidondoka kwenye nguo zilizoanikwa si shida kubwa. Hayo ni makubwa, huishia puani na kooni. Hatari iko kwenye chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazojulikana kama PM2.5. Nyingi za moshi wa msitu hazifiki hata mikromita 1, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70. Zinapita puani bila kuzuiwa, zinafika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana siku za moshi haziongezi kikohozi na pumu peke yake. Huongeza pia mshtuko wa moyo na kiharusi, wakati mwingine saa chache tu baada ya moshi kupanda. Kamati nyingi humsahau mgonjwa wa moyo kwa sababu hakohoi.

Sasa kwa nini ukumbi? Mwili huumia kulingana na jumla ya moshi unaovutwa, yaani wingi wa chembe hewani mara saa unazokaa ndani yake, mara kasi ya kupumua. Chukua mfano wa siku ambayo nje kuna mikrogramu 150 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo, na ndani ya nyumba yenye mianya kuna 90. Bibi akishinda na kulala humo, akatoka nje saa 2 tu kwa jumla, wastani wake wa siku ni 95. Bibi huyohuyo akikaa saa 10 mahali penye 25, saa 12 nyumbani na saa 2 nje, wastani unashuka hadi 68. Bado ni mwingi, kwani Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linashauri usizidi 15 kwa saa 24. Lakini zaidi ya robo ya mzigo imeondoka, na hakuna aliyeziba nyumba hata moja. Akilala palepale ukumbini, nafuu ni kubwa zaidi. Kila saa ya hewa safi inahesabika, hata ikiwa saa nyingine zote ni za moshi.

Tafuteni jengo lenye madirisha machache yanayofunga vizuri, umeme wa kuaminika, choo na maji, na mlango usiotazamana na upande upepo unakotoka. Ukumbi mkubwa mno ni mzigo. Afadhali vyumba viwili vya wastani. Kisha pigeni hesabu ya hewa. Urefu mara upana mara kimo unakupa ujazo. Ukumbi wa mita 10 kwa 8 wenye kimo cha mita 3 una mita za ujazo 240. Hewa yote inatakiwa ipite kwenye vichujio angalau mara 5 kwa saa, kwa hiyo mnahitaji mashine zinazotoa jumla ya mita za ujazo 1,200 za hewa safi kwa saa. Kwenye mashine za dukani namba hiyo huandikwa CADR. Angalieni ile ya moshi, na muwe waangalifu na kipimo, kwani nyingine huandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika. Zidisheni namba hiyo kwa 1.7 mpate mita za ujazo kwa saa. Mashine inayojisifu kwa kutengeneza ozoni au “kuua” uchafu wa hewa bila kichujio muiache dukani. Ozoni yenyewe inaumiza mapafu.

Mashine za dukani zikiwashinda bei, tengenezeni wenyewe. Lipo boksi la kuchuja hewa lililobuniwa mwaka 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal wa Marekani, na linafanya kazi vizuri kuliko linavyoonekana. Mnahitaji feni ya mraba ya sentimita 50, vichujio vinne vya mraba vya kiwango cha MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe) vyenye upana unaolingana na feni, katoni ngumu na utepe mpana wa gundi. Simamisheni vichujio vinne kama kuta za boksi. Kwenye fremu ya kila kichujio kuna mshale wa mwelekeo wa hewa, na yote minne ielekee ndani. Sakafu iwe kipande cha katoni, juu ilale feni ikipuliza kuelekea darini. Hewa chafu itavutwa kupitia kuta, itoke juu ikiwa imechujwa. Zibeni kila kiungo kwa utepe, ndani ya kona na nje.

Kosa linaloharibu mengi ya maboksi haya liko juu ya feni. Kwenye pembe nne, ambako mapanga hayafiki, hewa iliyotoka hurudi chini ndani ya boksi badala ya kwenda chumbani. Kateni katoni ya ukubwa wa uso wa feni, toboeni duara linalolingana na mzunguko wa mapanga, kisha ibandikeni juu. Kazi ya dakika kumi, na hewa inayotoka huongezeka waziwazi. Halafu jaribuni viungo: washeni feni, pitisheni kipande cha karatasi laini ya chooni kando ya kila mshono. Kikivutwa kwenye mshono, pana mwanya, ongezeni utepe. Kikivutwa kwenye uso wa kichujio, hapo ni sawa, ndiyo kazi yake.

Boksi lililojengwa vizuri linaweza kuzidi mita za ujazo 500 kwa saa. Kwa ukumbi wetu wa mfano, matatu yanatosha. Yawekeni mbali na kuta, yasibanwe na viti wala mapazia, na yawake mfululizo. Kuyazima usiku kuokoa umeme ni kurudisha moshi ndani. Tumieni feni mpya yenye kinga ya kujizima ikipata joto kupita kiasi. Feni kuukuu inayonukia nyaya isiwekwe kwenye boksi, achilia mbali kuachwa ikiwaka watu wamelala. Vichujio vikibadilika kuwa kahawia iliyokolea, au hewa inayotoka ikaanza kunuka moshi, badilisheni. Kwenye moshi mzito inaweza kuwa baada ya siku chache tu, kwa hiyo wekeni akiba. Kuvipiga-piga ukutani au kuviosha hakusaidii: huondoa vumbi kubwa na kuharibu nyuzi zinazonasa chembe ndogo.

Vichujio hivi haviondoi gesi, na haviongezi oksijeni. Watu wengi wakifungiwa kwenye ukumbi mmoja, hewa ya ukaa hupanda, joto hupanda, na mwenye mafua huwaambukiza wenzake. Ndiyo maana orodha ni muhimu kuliko tangazo la “karibuni wote”. Nje moshi ukipungua, fungueni madirisha yote kwa muda, mpishe hewa, kisha mfunge. Mara nyingi usiku ardhi ikipoa, hewa baridi hukaa chini na kuubana moshi mabondeni hadi asubuhi; jua likipanda moshi huinuka. Lakini upepo wa alasiri unaweza kuuchochea moto na kuleta moshi mpya, kwa hiyo fuateni kipimo, msifuate mazoea.

Kipimo chenyewe kinaweza kuwa kile kidogo cha leza kinachoshikwa mkononi. Vifaa hivi vikikutana na moshi mara nyingi husoma juu kuliko hali halisi, hivyo msiapie namba moja moja. Nguvu yake ni kulinganisha: chukueni kifaa kilekile, pimeni nje, ingieni ndani, subirini dakika kumi, pimeni tena. Ndani kukiwa na chini ya robo ya nje, ukumbi unafanya kazi. Kukiwa na nusu, kuna dirisha wazi, mlango unaachwa wazi, au vichujio vimechoka.

Jihadharini na mkanganyiko mmoja unaowapata hata wataalamu. Programu za simu huonyesha namba ya ubora wa hewa, AQI, ambayo si mikrogramu. Kwa jedwali la Marekani lililorekebishwa mwaka 2024, AQI ya 150 ni mikrogramu 55 hivi, na AQI ya 200 ni mikrogramu 125. Mmoja akisema “leo ni 150” na mwenzake akasema “leo ni 150”, wanaweza kuwa wanazungumzia siku mbili tofauti kabisa. Kamati ichague kipimo kimoja na kukitaja kila mara.

Kitambaa kibichi kwa chembe hizi ni kutwanga maji kinuni. Nafasi kati ya nyuzi zake ni kubwa mno, na maji hayazibi. Hupoza tu hewa na kumfanya mtu ajione salama akae nje zaidi, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na kitambaa. Barakoa ya hospitali ya rangi ya buluu ina kitambaa kizuri, ila hewa hupita mashavuni. Zinazofaa ni N95, ambayo huzuia angalau asilimia 95 ya chembe, na FFP2, ambayo huzuia angalau 94. N95 halisi huwa na mikanda miwili inayozunguka kichwa na huandikwa NIOSH. Ukiona imeandikwa N95 lakini inaning’inia masikioni, tilia shaka. FFP2 huandikwa EN 149. Yenye vali ya kutolea pumzi inafaa kwa moshi, haina tatizo.

Barakoa nzuri ikivaliwa vibaya ni hasara tupu. Shika sehemu ya mbele kiganjani, iweke chini ya kidevu, waya wa pua ukiwa juu. Mkanda wa juu upite hadi utosini, wa chini uzunguke shingo chini ya masikio, isipishane. Bonyeza waya kwa vidole vya mikono yote miwili kufuata umbo la pua. Ukibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja waya hujikunja katikati na kuacha tundu. Kisha funika barakoa kwa viganja na utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni, rekebisha waya. Ukiihisi mashavuni, rudisha mikanda nyuma. Ndevu huvunja yote haya, hata zile za siku mbili tatu. Mwenye ndevu ana uamuzi wa kufanya na kamati isimfiche.

Barakoa moja hutumika tena na tena hadi ichafuke, ilegee mikanda, au kupumua kuwe kugumu. Msiifue na msiipulizie spiriti, kwani huua chaji ya umeme tuli inayonasa chembe. Mtoto chini ya miaka 2 asivishwe kabisa. Wakubwa zaidi ya hapo barakoa za watu wazima haziwakai usoni; kama hamna za ukubwa wao, kuwaweka ndani ndiyo kinga yao. Mgonjwa wa moyo au mapafu akihisi kizunguzungu au kubanwa, aivue na apelekwe kwenye hewa safi.

Kwa nyumba zenyewe, msipoteze nguvu kuziba kila tundu. Kila familia ichague chumba kimoja cha kulala, ibane taulo chini ya mlango na utepe kwenye mianya ya dirisha, na isitengeneze moshi mwingine humo: sigara, udi, mishumaa, dawa ya mbu ya kuchoma, kukaanga kwa mafuta mengi. Kufagia kwa ufagio mkavu hurusha tena kilichotua, heri kudeki.

Hapa tangazo lenu la “fungeni madirisha” linahitaji kuongezewa sentensi moja, na iongezwe leo: mtu yeyote asiingize jiko la mkaa au jenereta ndani. Vitu hivyo hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na nyumba iliyokuwa na mianya ilikuwa ikiipitisha nje bila mtu kujua. Ikizibwa, gesi hiyo hubaki. Haina harufu wala rangi, barakoa na vichujio hivi haviizuii, na huua watu usingizini. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu wawili au zaidi wa nyumba moja msiyaite moshi wa msitu. Toeni watu nje mara moja, kisha wapelekwe hospitali. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka dirisha lolote. Na kama ndani kuna joto kali lisilovumilika, msimfungie mzee kwa kuogopa moshi. Joto linaweza kumuua kwa haraka zaidi. Huyo ndiye wa kwanza kupelekwa ukumbini.

Tukija kwenye orodha: wajawazito, watoto wachanga na wadogo, waliozidi miaka 65, wenye pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari, waliowahi kupata kiharusi, na wanaoishi peke yao. Andikeni jina, nyumba, simu, dawa anazotumia na nani atamfikisha ukumbini. Mgawane, kila mhudumu nyumba zisizozidi 10, apite au apige simu mara mbili kwa siku. Swali lisiwe “hujambo?”, maana jibu ni “sijambo” hata kwa anayekata roho. Muulize amepumzika vipi usiku, ametumia inhela mara ngapi, na msikilize kama anamaliza sentensi kwa pumzi moja.

Wagonjwa wa pumu wasiache dawa ya kuzuia kwa sababu leo wamejisikia nafuu, na kila mwenye dawa za kudumu awe na akiba ya siku 7 hadi 10. Inhela ya salbutamoli hufanya kazi vizuri ikitumiwa na kile kichupa kikubwa cha plastiki kinachochomekwa mdomoni mwa inhela (spacer): mpulizo mmoja, pumzi 4 hadi 6, ndipo mpulizo unaofuata. Akihitaji kurudia kabla ya muda wa saa 4 kupita, aende kituo cha afya. Maumivu ya kifua, midomo kuwa ya buluu, kuchanganyikiwa, uso kupinda au mkono kulegea ghafla havisubiri ukumbi. Ni gari la wagonjwa au usafiri wowote uliopo. Ndani ya gari, fungeni vioo na mzungushe hewa ya ndani, mkifungua kidogo mara kwa mara kama safari ni ndefu na abiria ni wengi.

Kuhusu shule, pimeni madarasa na pimeni nyumba chache za wanafunzi. Shule ikiwa na hewa bora kuliko nyumbani, kuifunga ni kuwarudisha watoto kwenye moshi, na wengi wao watacheza nje mchana kutwa. Wekeni boksi moja la kuchuja kila darasa na muache shule wazi. Michezo ni jambo jingine. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hivi za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa bidii anaweza kuvuta mara 10 ya hizo au zaidi, tena kwa mdomo, bila kichujio cha pua. Nje kukizidi mikrogramu 35, fupisheni michezo na wenye pumu wapumzike. Kukizidi 55, michezo yote iingie ndani. Kukizidi 125 hata mapumziko yasiwe nje, na hapo madarasa yasiyo na vichujio yafungwe kama ukumbi unaweza kuwachukua watoto. Kanuni hiyohiyo iwafae vibarua wa mashambani na wajenzi: kazi nzito ihamishiwe saa zenye moshi mdogo, na barakoa zianzie kwao.

Moto ukizimika, kazi haijaisha. Kikohozi na kubanwa kwa wagonjwa huendelea siku kadhaa, kwa hiyo orodha iendelee kupitiwa angalau wiki moja. Majivu yasifagiwe makavu wala kupulizwa. Yanyunyizieni maji kidogo, myazoe mkiwa na barakoa, glovu, suruali ndefu na viatu vya kufunika. Yakilowa huwa makali kama magadi na huchubua ngozi, na yale ya majengo yaliyoungua yanaweza kuwa na risasi au asbesto, hayo muwaachie wenye vifaa. Watoto wasiyachezee. Wanaovuna maji ya paa waondoe bomba kwenye tangi kabla mvua ya kwanza haijanyesha, waache iliyooshea majivu imwagike nje, kisha wasafishe mifereji na kuunganisha tena.